Mkanda Chini ya Shuka

"Kamba hii haikuandikwa jina la baba yako," Mama Pacha alikuwa akisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekumbatia beseni, povu la sabuni likimchuruzika kwenye kiwiko. "Mimi nina mashuka ya watoto wawili wanaokojoa kwa zamu kama walinzi. Wewe una vinguo vya mtoto mmoja, umevitandaza utadhani dirisha la duka."

"Niliwahi, jirani," alijibu Sindano. "Anayewahi ndiye anayeanika."

"Kuwahi kiti si kukinunua."

"Na kuchelewa je, ndiko kukinunua?"

Wanawake waliokuwa juu ya paa wakacheka. Katika jengo lile la ghorofa nne, paa ndilo lilikuwa baraza, mahakama na kituo cha habari. Maji yakitoka asubuhi, kila mtu hupanda na beseni lake, na mwenye jambo hupanda nalo pia. Sindano mwenyewe alipenda kupanda. Alikuwa fundi cherehani, mcheshi, hakosi jibu. Siku hiyo alivaa gauni la bluu iliyokolea, pana, lenye mikunjo iliyoanzia kifuani, mwanawe amemlalia mgongoni.

"Basi usiposogeza, nasogeza mwenyewe," alisema Mama Pacha, na kabla hajazuiwa akalivuta shuka la Sindano lililokuwa mwisho upande wa ukutani.

Chini ya shuka kulikuwa na mkanda.

Ulikuwa wa turubai nene, mpana kutoka nyonga hadi chini ya matiti, wenye safu mbili za kulabu za chuma. Ndani ulishonewa vipande vya plastiki ngumu, vile vinavyosimamisha kifua cha gauni la harusi. Sindano aliushona mwenyewe, akaufua kwa siri, akauanika kwa siri. Mama Pacha aliuinua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Hee. Jamani, na buti hili la turubai nalo ni la nani?"

Vicheko tena. Mke wa kinyozi akajishika mbavu. Kisha Mama Pacha akautazama mkanda, akalitazama gauni, na wote wakaona jinsi hesabu ilivyokuwa ikipigwa kichwani mwake.

"Mumeo aliondoka mtoto hajajua kukaa," alisema taratibu. "Mtoto sasa anasimama kwa kushika viti. Mama yake kila siku yuko ndani ya hema. Leo tumeona na kamba za hema. Unabana nini humo, mwenzangu?"

"Nipe hicho."

"Nimeuliza tu. Tumbo la uzazi nalijua mimi, nimebeba wawili kwa mpigo, na hawajaota meno tumbo langu lilikuwa ubao wa pasi. Tumbo linalobanwa na kufichwa ni lile linalokua."

Hata anayekamua nguo aliacha kukamua.

Neno lile lingeweza kufa palepale. Sindano angenyanyua gauni mara moja tu, mbele ya wanawake wenzake ambao karibu wote wameshazaa, na kesi ingekwisha kabla maji ya beseni hayajapoa. Alijua hivyo. Mkono wake ulishika pindo la gauni, ukalifinyanga, ukaliachia. Akaunyakua mkanda, akashuka ngazi, vinguo vya mtoto akaviacha kambani.

Swali ukiliacha linaning'inia, majirani watalianua na kulivaa.

*

Jina la Sindano alipewa na mwanamume, siku waliyokutana.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, kwenye jengo la maduka katikati ya mji, watu wanasukumana kama wanagawiwa bure. Yeye alibeba gauni la harusi la mteja, limefunikwa nailoni, anateremka kutoka karakana ya ushonaji. Lifti ikasimama katikati ya ghorofa mbili. Taa ikabaki, feni ikazima. Baada ya kupiga mlango hadi kiganja kikauma, alisikia sauti ya kiume kwa nje, tulivu, kama ya mtu aliyeketi.

"Humo ndani kuna nani?"

"Kuna mimi na gauni la harusi."

"Bibi harusi mwenyewe?"

"Bibi harusi yuko saluni anatukana. Mimi ni fundi wake."

"Basi na mimi ni fundi wako. Usiuguse mlango. Mlango wa lifti ni kama mtu aliyenuna, ukimlazimisha anakaza zaidi. Husubiriwa."

"Na wewe hapo nje unafanya nini?"

"Namsubiri."

Akacheka, na woga ukamtoka. Walizungumza mpaka akajua kwamba yule mtu hapendi vitunguu, kwamba ana dada mmoja mwenye amri kuliko mkuu wa gereza, na kwamba wasichana wa ushonaji wote anawaogopa kwa sababu wana mikasi. Mlango ulipofunguka upana wa shubiri, sauti ikamwambia apitishe gauni kwanza. Alilipitisha, kisha akajipitisha mwenyewe, ubavu mbele, mara moja tu.

Mwenye sauti akabaki ameshika gauni, mdomo wazi. Alivaa ovaroli ya kijivu, grisi mpaka kwenye nyusi, na jino moja la mbele limepanda juu ya mwenzake. "Nimefungua upenyo wa nguo," alisema, "amepita na mtu. Wewe si mtu, wewe ni sindano."

Basi likawa jina. Naye akawa Fundi. Mapenzi yao yalijengwa kwa lugha ya kazi yake. Kila jioni simu ilikuwa inaanza hivyohivyo.

"Uko ghorofa ya ngapi leo, mpenzi?"

"Ya pili. Mteja kanirudishia sketi."

"Subiri nikubonyezee. Haya, sasa?"

"Ya tano."

"Wacha mikono yangu ipumzike kidogo, nitakupandisha hadi paani."

Walipooana walicheka kwamba fundi wa lifti amepanga kwenye jengo lisilo na lifti. Mimba ilipokuja, alimpandisha ngazi zile kwa kumsukuma mgongoni, anaiga mlio wa mashine. Mtoto alikuwa mkubwa, kichwa cha baba yake. Sindano alijifungua salama, akarudi nyumbani, na siku moja akatoka kuoga, khanga imemdondoka kabla hajafika kwenye nguo.

Fundi alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani. Aliinua macho, akatabasamu na lile jino lake, akasema kwa mahaba kabisa, "Haya bwana. Lifti imeshusha abiria, yenyewe imekwama chini."

Sindano alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akaiokota khanga, na tangu siku ile Fundi hakumwona tena bila nguo. Taa ilizimwa kabla ya kupanda kitandani. Nguo zilibadilishwa nyuma ya mlango. Alilala na gauni kama yuko safarini. Mkono wa mume ukiteleza kiunoni, ulihamishwa kwa upole mpaka begani, na mkono ukihamishwa mara nyingi mwishowe hukaa kwake. Fundi alipotumwa mji wa mbali kufunga lifti katika hoteli mpya, wote wawili walilia stendi, na wote wawili, kila mmoja kwa siri yake, walihisi nafuu.

Ndipo aliposhona mkanda. Usiku wa safari ya mume haujaisha vizuri, turubai ilishakatwa.

*

Simu hazikukoma. Zilikuwa tamu, ila za sauti tu.

"Washa kamera nikuone, Sindano wangu."

"Kamera mbovu."

"Mbona jana nilimwona mtoto?"

"Inamwonyesha mtoto tu. Imempenda."

"Basi mwambie mtoto anionyeshe mama yake."

"Mama yake amevaa vibaya. Lala, kesho una kazi."

Kila alipoitwa Sindano, alihisi kuchomwa. Aliyepita kwenye upenyo wa shubiri ndiye aliyekuwa akipigiwa simu, naye alihisi kama anapokea simu ya mtu mwingine.

Siku ile ya kamba, habari ilishuka ngazi kabla yake. Mama Pacha alikuwa akisukia nywele mahali pamoja na wifi yake Sindano, yule dada wa Fundi mwenye amri, na mdomo hauna pazia. Magharibi haijaingia, simu ikalia. Fundi hakuuliza ghorofa.

"Hujambo?"

"Sijambo. Mbona sauti hivyo?"

"Washa kamera."

"Mtoto amelala, Fundi."

"Simtaki mtoto. Washa, iweke mezani, usimame mbali nikuone wote."

Sindano akaketi. Alikuwa jikoni, sufuria inachemka, mkanda umembana hata pumzi ilikuwa fupi. "Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo kuna la kuambiwa."

"Kuna umbea. Umbea upo kila siku."

"Basi uue. Simama tu, mke wangu. Simama mara moja, mimi nitampigia dada yangu nimtukane mpaka achoke. Nakuomba."

Kilichokuwa rahisi kuliko vyote, ndicho hakuweza. Akaitazama simu, kile kioo chake cheusi, akajiona amesimama humo akiwa amelegea, na upande wa pili yule mtu aliyetania.

"Ni nani?" Fundi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie tu ni nani. Ni mtu namjua?"

"Ukishauliza hivyo," alisema Sindano, "mimi nikujibu nini?"

Akakata. Simu haikulia tena kesho yake, wala keshokutwa. Hela ya matumizi ilikuja kimya kimya, bila neno, kama inatoka kwa mwajiri.

Akaukaza mkanda kulabu moja zaidi. Karakanani aliinama juu ya cherehani jasho likimtoka, wenzake wakiacha mazungumzo kila akiingia. Mwishowe ngozi ikachubuka, akaenda zahanati. Nesi, mwanamke mnene mwenye mikono ya moto, alimlaza, akaufungua mkanda, akasonya.

"Umejifunga kama mzigo wa kwenda nje ya nchi. Nani alikuambia tumbo linarudishwa kwa mateso?" Akaingiza vidole viwili juu ya kitovu. "Vuta pumzi. Unaona? Nyama za katikati zimeachana. Kuna mazoezi, ya polepole, zitasogeleana. Ngozi sikudanganyi, haitarudi yote. Ilikaa na mtu humo. Mumeo anasemaje?"

"Hajaona."

"Mficha uchi hazai, dada."

"Nimeshazaa, nesi. Ndiyo maana naficha."

Nesi akacheka, kisha akamwona usoni, akaacha kucheka. Alimfundisha kulala chali na kuinua kichwa huku akipumua, alimpa dawa ya kupaka, akamwambia mkanda autupe au aulegeze. Sindano aliulegeza. Kuutupa, alisema moyoni, nani angemzuia asimwagike.

*

Fundi alirudi mchana, jua la saa sita, bila kupiga simu. Sindano alikuwa anapika. Alisikia hodi, akaijua, mkono wake ukasimama juu ya sufuria.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Fundi."

Hakufungua. Alisogea mpaka mlangoni, akaegemea ubao. Alimsikia akipumua upande wa pili, kama zamani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja nyumbani."

"Nyumbani, au kwenye upelelezi?"

"Sindano, fungua. Majirani wanasikia."

"Majirani walishasikia. Aliyebaki ni wewe."

"Basi nasubiri," alisema Fundi.

Neno lile lilimpiga mahali asipopakinga. Akafungua.

Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, begi begani. Na macho yake hayakwenda usoni mwa mkewe, wala kwa mtoto aliyesimama ameshika kiti. Yalikwenda tumboni. Mwenyewe alijistukia, akayapandisha haraka, lakini jicho ni kama jiwe, likishatupwa halirudi mkononi.

"Haya," Sindano alisema. "Si ndilo ulilosafiria?"

Akaenda dirishani, akafungua pazia lote. Mwanga ukajaa chumba. Akanyanyua gauni, akalibana kidevuni, akaanza kufungua kulabu kuanzia chini, moja moja, kila moja ikilia. Ya mwisho ilipoachia, mkanda ulidondoka, ukasimama sakafuni wenyewe kidogo kama mtu, ndipo ukaanguka.

Tumbo likashuka. Ngozi ilikunjamana kama shuka lililolaliwa, laini, imelegea juu ya nyonga, imepigwa mistari ya ule mkanda, mahali pengine mikovu ya kuchubuka. Lilikuwa tumbo la mtu aliyebeba mtoto mkubwa. Hakuna zaidi.

"Pima," alisema. "Hapa juu ya kitovu. Vidole viwili vinaingia. Nesi kapima. Ingiza na wewe, uhakikishe hakuna mtu."

Fundi alikaa kitandani kama aliyesukumwa. "Sindano."

"Usiniite hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?" Macho yalimjaa machozi. "Ulizima taa. Ulilala na gauni. Simu mpya, kamera mbovu. Nilikaa kule hotelini nafunga milango ya watu, nawaza, huyu mke ameshanichoka. Nilipoambiwa yupo mwingine, niliumia, lakini sikushangaa. Unaelewa? Sikushangaa."

"Ulisema lifti imeshusha abiria, yenyewe imekwama chini."

"Nilisema lini?"

Sindano akamtazama. Alikuwa akitafuta kwelikweli, kipaji cha uso kimekunjamana, anapekua siku zote za nyuma na haoni kitu. Angekuwa anajifanya, angalau pangekuwa na kesi.

"Sikumbuki," alisema Fundi. "Nadhani nilikuwa natania. Si tulikuwa tunataniana hivyo siku zote?"

"Najua. Ndiyo maana nilicheka."

Akalishusha gauni. Neno alilolifunga kiunoni muda wote ule, aliyelisema hakuwahi hata kulihifadhi.

"Sijali tumbo," Fundi alisema. "Naapa kwa huyu mtoto. Nakupenda wewe."

"Nakuamini. Uchungu wenyewe ni huo. Ungeliona kwa mapenzi, ningeona aibu kidogo, ingepita. Umeliona kama polisi anavyoona mzigo. Na mimi nimekuonyesha kama mwizi anayefungua begi. Hilo sijui litafuliwa na sabuni gani."

Fundi alinyoosha mkono amshike mtoto. Mtoto akamtazama yule mwanamume mwenye ndevu, akaangua kilio, akatambaa mpaka miguuni mwa mama yake.

"Kaa nje kidogo," Sindano alisema, bila ukali. "Anakuogopa. Na mimi sijamaliza kupika."

*

Fundi alikaa kwenye ngazi, begi katikati ya miguu. Kupitia mlangoni Sindano alisikia ndara za Mama Pacha zikipanda, akasikia zikisimama.

"Ooh, baba. Umerudi. Pole na safari."

"Hakuna mimba, Mama Pacha."

"Mimi sikusema mimba. Niliuliza tu."

"Uliuliza juu ya paa, mbele za watu."

"Na wewe uliuliza kwenye simu." Beseni likatuliwa chini. "Tusidanganyane, baba. Mdomo wangu mbaya, hata marehemu mama yangu alisema. Lakini mdomo wangu haukuoa mtu. Mimi nikikosea nabaki jirani. Wewe ndiye ulikuwa mume."

Ndani, Sindano alijikuta anacheka peke yake, kicheko kikavu, kisha machozi yakaja na kicheko kilekile, akayafuta kwa mgongo wa mkono ulioshika mwiko.

Mtoto alikuwa ameupata mkanda, ameketi juu yake, anatafuna kitambaa. Sindano alimwondoa, akauokota. Akaupima uzito mkononi. Ulikuwa umeshonwa vizuri, mishono miwili miwili, kazi ambayo angemlipisha mteja bei nzuri. Akaukunja, akauweka kwenye kapu la vitambaa vya kurekebishia.

Akafungua kabati la vyombo. Sahani ya Fundi ilikuwepo, ile ya bati yenye ukingo wa kijani, pembeni yake kikombe chake kikubwa. Vidole vilikigusa kikombe, vikakiacha. Akatoa sahani ya maua, ya wageni, akaipangusa vumbi, akapakua. Akaweka na kijiko cha wageni.

Kisha akafungua mlango vilevile alivyo, hana mkanda, gauni limeufuata mwili kila ulikoelekea. Macho ya Mama Pacha yakashuka. Sindano akayaacha yashuke.

"Tazama vizuri, jirani, usije ukapata kengeza. Na kamba yako leo iko wazi, nimeanua vyangu."

Mama Pacha aliinama akachukua beseni. "Ule mkanda," alisema hatimaye, hakumtazama, "mimi nao ninao. Wa kununua. Sijawahi kuuanika." Akapanda juu.

Fundi alisimama. Alipitisha jicho ndani, akaiona meza, akaiona sahani ya maua, akaelewa. Uso ukamshuka.

"Uko ghorofa ya ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, ile ya simu za jioni.

Sindano alifikiri. Asingependa kusema uongo, na ukweli wote ulikuwa bado haujaiva.

"Jengo hili halina lifti," alisema. "Watu wanapanda kwa miguu." Akasogea pembeni ya mlango, akamwachia nafasi ya kupita. "Nawa mikono, mgeni. Karibu ndani ule, chakula kinapoa."